Barua ya wazi kwa wanaosimamia barabara za milima ya Usambara

Kwa wahandisi, wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri na maofisa wa usalama barabarani mnaohusika na Lushoto, Bumbuli na Korogwe.

YAH: MITA MOJA YA KUPANDIA

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Korogwe, nina miaka 46, na tangu mwaka 2011 nimekuwa nikipanda milima ya Usambara kwa baiskeli, mara mbili au tatu kwa mwezi, masika na kiangazi. Sipandi kwa kukosa nauli. Napanda kwa sababu sijapata njia nyingine ya kuijua nchi yangu kwa ukaribu ule. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Safari hii naituma, maana lami imeanza kusogea kuelekea vijijini kipande kwa kipande, na barabara ikishamwagwa lami hakuna anayerudi kuipanua kwa ajili ya baiskeli.

Ombi langu ni moja, mengine yote ni matawi yake. Kila barabara ya mlimani inayojengwa au kukarabatiwa, upande wa anayepanda uachwe upana wa mita moja, wa lami au wa zege, nje ya mstari wa magari. Upande wa kupanda tu. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza niieleze njia yenyewe, kwa kuwa anayeipita ndani ya gari, vioo vimefungwa, huona barabara nyingine kabisa.

Tunatoka Korogwe saa 11 na nusu alfajiri, watu wanne au watano. Kilomita 40 hivi za mwanzo ni tambarare: mashamba ya mkonge, malori ya masafa marefu, milima ikiwa kulia kwetu kama ukuta mweusi ambao jua bado halijaugusa. Mombo tunakunywa chai na chapati. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905, na kwa muda Mombo ndiyo ikawa ngazi ya kuingilia milimani. Wajerumani walikuwa wakipanda kwenda Lushoto, ambayo wao waliiita Wilhelmstal, kukimbia joto na malaria. Hadi leo mambo ni yaleyale. Unaacha joto la Mombo, unakata kulia, na baada ya muda mfupi tambarare inakwisha.

Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita 30 na kitu, na katika umbali huo unapanda karibu mita 1,000. Barabara inafuata bonde la mto. Mto unausikia kabla hujauona, kisha kwenye kona fulani unauona chini kabisa, mweupe katikati ya mawe, halafu unapotea tena nyuma ya migomba. Hewa inabadilika kila baada ya kilomita chache. Kwanza harufu ya vumbi la moto, kisha majani mabichi, kisha moshi wa kuni za mkaratusi, na ukikaribia Soni unapigwa usoni na ubaridi wa maporomoko kama mtu amefungua mlango wa ghala. Kwenye baiskeli, kwa mwendo wa kilomita 9 kwa saa, kila kijiji unakipita taratibu kiasi cha kusalimiana na kila aliyekaa barazani. Bibi anayechambua maharage anakuambia "Onga mshi", unaitikia, na bado mna muda wa kuulizana mvua imenyesha huko mtokako au la. Nimefundisha jiografia miaka 20. Nilichojifunza kuhusu mvua, udongo na mazao ya milima hii nimekipata zaidi kwenye salamu hizo kuliko kwenye vitabu ninavyofundishia.

Sasa niwaonyeshe mtu mmoja.

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua nyembamba isiyokatika, kwenye mteremko wa kutoka Magamba kushuka Lushoto mjini. Mbele yangu alikuwa mzee na baiskeli ya zamani, nyeusi, ya chuma kitupu, breki zake za fito. Nyuma, kwenye keria, alikuwa amefunga matenga mawili ya karoti, moja kila upande, na juu yake kiroba cha viazi. Hakuwa amepanda. Alikuwa akitembea ubavuni mwa baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umekamata tandiko, mwili wote ameulaza nyuma kama anayevuta ng'ombe asiyetaka kwenda. Nikashuka nikatembea naye. Nikaona mguu wake wa kushoto umefungwa kipande cha tairi kuukuu chini ya kiatu, kimekazwa kwa ugwe wa mkonge. Kila mteremko ulipozidi alikandamiza mguu ule kwenye lami, na mpira ukalia.

Nikamuuliza. Akasema, "Hii ndiyo breki ya masika, mwanangu. Rimu ya chuma ikilowa, raba zinateleza tu."

Ni kweli tupu. Rimu za chuma zinazong'aa, ambazo ndizo zilizo kwenye baiskeli nyingi za mizigo vijijini, zikilowana maji hazishikiki. Unaminya breki kwa nguvu zako zote na gurudumu linaendelea kuzunguka. Mzee yule alikuwa na maarifa ya miaka mingi ndani ya kipande kile cha tairi. Tulipofika sokoni nikamwomba nipime mzigo wake kwa futi ya fundi niliyokuwa nayo mkobani. Kutoka ukingo wa tenga moja hadi ukingo wa tenga la pili zilikuwa sentimita 95.

Jioni nilikutana naye tena akirudi. Sasa alikuwa anapanda, anasukuma, mzigo wake ni mfuko wa unga, sukari na dumu dogo la mafuta ya kula. Giza lilikuwa linaingia, ukungu unashuka kutoka msituni, na yeye yuko kwenye ukingo wa lami palipomeguka. Hana taa. Kushoto kwake mtaro wa mawe uliokwenda chini karibu usawa wa kiuno. Kulia kwake Fuso za mboga zinazokimbilia kuwahi Dar es Salaam kabla ya alfajiri, na mabasi, na bodaboda. Kila gari lilipokuja nyuma alisimama, akaisimamisha baiskeli, akageuza uso pembeni kukwepa taa, akangoja lipite, ndipo akaanza tena kusukuma. Nilihesabu alivyosimama hadi nilipompoteza kwenye kona: mara 14.

Huyo ndiye ninayemwandikia barua hii kabla yangu mimi.

Yangu ilitokea Aprili 2022, kati ya Mombo na Soni, asubuhi. Nilikuwa napanda, nimekaa kushoto kama sheria inavyotaka, koti langu la manjano. Basi lilinipita kwenye kona huku gari dogo likishuka upande wa pili. Dereva alipoliona lile gari dogo akarudi kushoto kabla mkia wa basi haujanimaliza. Hakunigusa. Hakuhitaji kunigusa, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa mimi kuwepo. Niliingia mtaroni, nikavunjika mfupa wa mtulinga, nikakaa wiki sita mkono umefungwa shingoni. Wakulima waliokuwa shambani juu ya barabara ndio walionitoa, na mmoja wao alibaki na baiskeli yangu siku tatu nyumbani kwake, akaniletea mpaka Mombo ikiwa imesafishwa matope.

Nilipokwenda kutoa taarifa, kijana aliyenipokea alinisikiliza kwa heshima zote. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mwalimu, kwani baiskeli inafanya nini mlimani?"

Sikumlaumu, wala sitamtaja yeye wala mahali pake pa kazi. Lakini swali lile limenikaa. Nahisi ndilo swali lililojificha katika michoro mingi ya barabara zetu za milimani: aliyechora hakufikiri kwamba baiskeli itapita hapo. Alidhani baiskeli ni kitu cha Shinyanga na Tabora, kwenye nchi tambarare, na kwamba mlimani mtu hutembea kwa miguu au hupanda gari. Basi jibu langu ni hili: baiskeli iko mlimani tayari. Inapeleka karoti, inaleta unga, inapeleka maziwa kwenye vituo vya kukusanyia, inampeleka fundi seremala na msumeno wake, inampeleka mwanafunzi wa kidato cha kwanza ambaye shule iko kilomita saba kutoka kwao. Kushuka inapandwa, kupanda inasukumwa. Haionekani kwenye hesabu za magari kwa sababu anayehesabu magari hahesabu anayesukuma.

Sasa nije kwenye ile mita moja, na kwa nini nasema upande wa kupanda tu.

Basi linalopanda kwenda Soni huwa kwenye kilomita 40 kwa saa, nami nakwenda 9. Tofauti ni 31. Dereva ananikuta kwenye kona ghafla kama anayekuta jiwe barabarani, na hana budi kuchagua papo hapo: afunge breki, anipite kwa upofu, au anibane. Tukishuka mambo yanageuka. Mimi nakwenda 35, basi linakwenda 40 kwa kuwa kona haziruhusu zaidi. Tofauti ni 5. Ninayeshuka na baiskeli yenye breki nzima sihitaji njia ya peke yangu. Nakaa katikati ya upande wangu, dereva ananifuata hadi panapofunguka, ananipita. Mahali pengi katika nchi za milima wahandisi wameliona hili, na barabara ikiwa nyembamba wanampa nafasi anayepanda kwanza. Kwa hiyo siwaombi mpasue mwamba pande zote mbili. Naomba nusu ya mnachodhani naomba.

Kuna jambo lingine ambalo dereva asiyewahi kupanda mlima kwa baiskeli hawezi kulijua. Baiskeli inayokwenda polepole haiendi mstari ulionyooka. Mtazameni mtoto anayejifunza: akipunguza mwendo, usukani unaanza kucheza. Mtu mzima mwenye mzigo anayepanda anayumba vilevile, kidogo kushoto, kidogo kulia, na hafanyi hivyo kwa uzembe. Ndivyo magurudumu mawili yanavyojishikilia yasianguke. Weka hapo zile sentimita 95 za matenga ya mzee wa Magamba, na mita moja inageuka kuwa kipimo cha chini kabisa.

Najua nitakachojibiwa: mlima hauna nafasi. Huku mwamba, huku korongo, na kila mita ya upana ni baruti na kuta za mawe. Ni kweli kwa sehemu nyingi. Lakini nafasi nyingine ipo tayari, na imekaa wazi. Ni mtaro. Palipo na mlima kushoto kwa anayepanda, pembeni mwa lami kuna mtaro wa mawe, mpana kuliko hiyo mita ninayoiomba, na hauna mfuniko. Kwa gari ni mtaro tu. Kwa baiskeli na mtembea kwa miguu ni shimo linaloandamana na barabara kilomita baada ya kilomita. Funikeni mtaro huo kwa mabamba ya zege yenye matundu ya kuingiza maji, na njia ya kupandia imepatikana bila kuugusa mwamba.

Nalisema hili nikijua udhaifu wake. Milima ya Usambara inamomonyoka. Masika ikija, udongo mwekundu na mawe hushuka na kuziba mitaro, na mtaro uliofunikwa ukiziba maji yanapanda juu ya lami na kuila. Ndiyo maana mabamba yawe mafupi, yenye mahali pa kushika, watu wawili waweze kuyainua, na yainuliwe mitaro isafishwe kila mwaka kabla ya mwezi wa tatu. Kazi hiyo wapeni vijana wa vijiji vilivyo kando ya barabara, kila kijiji kipande chake, walipwe. Wao ndio wanaojua mtaro gani huziba kwanza.

Na msidhani mita hiyo itakuwa ya baiskeli peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilihesabu vifo milioni 1.19 vya ajali za barabarani duniani kwa mwaka 2021. Katika kila vifo 100, 23 vilikuwa vya watembea kwa miguu na 6 vya waendesha baiskeli. Pitieni barabara ya Lushoto saa 9 alasiri shule zinapofungua milango. Watoto wanatembea juu ya lami, watatu watatu, kwa sababu nje ya lami ni mtaro. Mita yangu wataitumia wao kuliko mimi, wao na akina mama wenye mizigo ya kuni, na sitalalamika hata kidogo nikilazimika kushuka na kuwapisha.

Nigusie matuta. Sina ugomvi na tuta linalolinda watoto wa shule; nilishamzika mimi mwanafunzi wangu aliyegongwa, na sitamsikiliza mtu anayetaka matuta yote yang'olewe. Ninachoomba ni tuta lionekane. Kwenye mteremko mmoja kabla ya kijiji kimoja, jina sitalitaja, tuta lilijengwa mara tu baada ya kona, chini ya mikaratusi ambako kivuli hakiondoki, halina rangi wala kibao. Mwenzangu mmoja, mshona nguo, mtu makini sana barabarani, alilikuta akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa. Gurudumu la mbele lilikatika spoku sita. Alipona kwa kuwa aliangukia kwenye shamba la kabichi. Ndoo moja ya rangi nyeupe na kibao hatua 50 kabla ya tuta: hiyo ni gharama ya siku moja.

Vivyo hivyo pale njia ya vumbi inapoingia kwenye lami. Kila gari linalotoka shambani linaburuta kokoto na kuziacha kwenye kona, na kokoto kwenye kona ni kama mbaazi chini ya miguu. Mita 10 za mwanzo za kila njia ya pembeni zikiwekewa lami, kokoto zinabaki hukohuko ndani. Hilo tu.

Neno "matuta" lenyewe lina kumbukumbu katika milima hii. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, ukaja kuenea sehemu nyingine za Usambara. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya kukinga maji kwenye miteremko. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, wataalamu hawakuudanganya. Lakini matuta yale yalikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na sehemu kubwa yake iliwaangukia wanawake ambao hakuna aliyewauliza kitu. Watu walikataa, wakatozwa faini, wakaendelea kukataa, na kabla ya uhuru mpango ukaachwa. Ukienda Mlalo leo utawakuta wajukuu wao wakiyakinga mashamba yao wenyewe, kwa namna wanazozijua, bila askari. Naileta habari hii kwa sababu barabara mpya zinapita kwenye mashamba na milango ya watu haohao. Mchoro ukiletwa, uletwe kwanza kwenye mkutano wa kijiji, na katika mkutano huo aitwe mwenye baiskeli ya mizigo, asimame, aulizwe anapita wapi na anashindwa wapi. Hata kama hajui kusoma mchoro, anaijua kila kona kwa miguu yake.

Nimesema lami inasogea. Hapo ndipo moyo wangu ulipo hasa, kwenye njia za ndani.

Kuna njia ya kutoka Lushoto kwenda Mtae, kupitia misitu ya Magamba, halafu mgongoni mwa milima hadi kijiji ambacho kimekaa juu ya ukingo kama kofia juu ya mwamba, tambarare ya Mkomazi ikiwa chini kabisa. Kuna bonde la Mlalo, ambako Mto Umba unapita ukitoka msitu wa Shagayu. Maji yale yanashuka tambarare, yanavuka mpaka, na yanaingia baharini karibu na Vanga, Kenya. Nimekaa mara nyingi juu ya daraja dogo la Mlalo nikiwaza kwamba mvuvi wa Vanga hajui jina la kijiji hiki. Na kuna njia ninayoipenda kuliko zote, ya kutoka Soni kwenda Bumbuli, kisha kupitia Dindira hadi kushuka Korogwe nyumbani. Inapita kwenye mashamba ya chai, kisha migomba na iliki, kisha inateremka upande wa bonde la Mto Lwengera, ule unaozitenga Usambara Magharibi na Usambara Mashariki kabla ya kumwaga maji yake Mto Pangani.

Kwenye njia hiyo kuna ukimya ambao sijaupata mahali pengine. Ukisimama kunywa maji unasikia mnyororo wa baiskeli ukipoa, tiki, tiki, na ng'ambo ya bonde mtu anapasua kuni. Unaliona shoka likishuka, sauti inafika baadaye. Watoto wakiona baiskeli tano zinapita hukimbia nazo hadi mwisho wa kijiji, wale wakubwa wakisukuma tairi bovu kwa fimbo, na mmoja siku moja alikimbia nami mlima mzima huku akiniambia nibadilishe gia. Alikuwa sahihi.

Sitaki njia hizo zibaki za vumbi ili mimi nifurahie ukimya. Mjamzito wa Bumbuli anahitaji kufika hospitali wakati wa masika, na mwenye majani mabichi ya chai anahitaji yafike kiwandani siku hiyohiyo. Lami ije. Lakini lami ikija, mwendo wa magari utaongezeka mara mbili au tatu katika mwaka uleule, na wanaotembea na kusukuma baiskeli watakuwa walewale, kwenye ukingo uleule. TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mna nafasi ambayo kwa barabara ya Mombo ilishapita zaidi ya miaka 100 iliyopita: kuiweka ile mita kwenye mchoro kabla tingatinga halijawashwa. Kwa mlima unaochimbwa sasa, mita moja ni sehemu ya kazi. Kwa mlima uliokwisha kuchimbwa, ni mradi mwingine, bajeti nyingine, na kizazi kingine.

Jirani zetu Rwanda wana milima kama yetu, na labda mikali zaidi. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza yafanyike Afrika. Tuliyatazama kwenye simu, tumebanana sita nyuma ya meza ya fundi cherehani, na siku ya mwisho, Tadej Pogačar wa Slovenia akishinda mbio za wanaume, wateja walikuwa wamesahau nguo zao. Kilichonigusa zaidi kilikuwa barabarani, pembeni. Watu wamejaa kila kilima, watoto juu ya kuta, mama mwenye mtoto mgongoni anapiga makofi. Nikasema moyoni, milima ambayo sisi tunaiona kikwazo, wenzetu wameialikia dunia.

Sisemi Lushoto iandae mashindano ya dunia. Nasema wageni wanaopenda kupita vijijini kwa baiskeli wapo, na baadhi wanakuja tayari, nimekutana nao Mtae na Mlalo wakiwa na mabegi kwenye keria. Mgeni wa baiskeli hapiti kijiji akiacha vumbi tu. Ananunua ndizi, anakula wali maharage sahani mbili, anaziba pancha kwa fundi wa kijiji, na usiku ukimkuta analala hapohapo, kwa sababu hawezi kufika mbali zaidi. Pesa yake inabaki mlimani. Mkitaka kumvuta, wekeni mawe ya kilomita yenye kuandikwa urefu kutoka usawa wa bahari na mwinuko wa kilomita inayofuata, kama ilivyo kwenye milima ya Ufaransa. Jiwe moja kila kilomita, rangi na mkono wa mchora vibao wa Soni. Wanafunzi wangu pia watayasoma.

Na wakati zege linasubiri fedha, kuna jambo lisilohitaji zege. Ufaransa hiyohiyo sheria inamtaka dereva amwachie mwendesha baiskeli mita moja anapompita mjini, na mita moja na nusu nje ya mji. Maofisa wa usalama barabarani, mna vituo Mombo na Lushoto ambako kila basi hupita. Mwambieni kila dereva jambo moja tu kabla hajapanda: ukimkuta wa baiskeli kwenye kona, subiri kona iishe. Ni sekunde kumi. Mimi nililipa wiki sita kwa sekunde kumi za mtu mwingine, nami nilikuwa na mshahara. Mkulima mwenye mkono uliofungwa shingoni msimu wa kupanda halipwi na mtu.

Namalizia kwa mwaliko, na nautoa kwa dhati. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mvua isiponyesha kupita kiasi, huwa tuko Mombo kwenye njia panda ya Lushoto saa 1 na nusu asubuhi. Tunazo baiskeli mbili za ziada zenye gia nyepesi, breki tumezikagua, na fundi wetu atawarekebishia tandiko kwa urefu wa miguu yenu. Si lazima mfike Lushoto. Njooni hadi Soni tu, mhandisi mmoja na ofisa mmoja wa usalama barabarani, mkae kushoto, mpande taratibu, na futi ya fundi nitakuwa nayo mkobani. Chai ya Mombo iko juu yangu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu, mwendesha baiskeli wa Korogwe